Muda wa kuvuna mitishamba unabadilisha nguvu ya dawa kiasi gani?

Jani_Bichi (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwenye hii ishu maana kila nikiuliza natoka na jibu tofauti. Nalima mitishamba midogo midogo, mnanaa, mrehani, mchaichai, kamomili kidogo, alafu upande wa pili nina manjano na tangawizi. Sasa ninachokiona ni hiki: tuta lile lile, mbegu ile ile, mbolea ile ile, lakini mzigo wa mavuno haya ukifungua mtungi harufu inakuvaa usoni na mzigo wa mavuno mengine ni kama nimekausha majani ya mbuzi. Kilichobadilika ni siku niliyokata tu.

Mmoja ananiambia vuna alfajiri kabla jua halijatoka, mwingine anasema hapana subiri umande ukauke kwanza, mwingine kabla ya maua, mwingine maua yakishafunguka, na hapo sijawagusa wale wa kuangalia mwezi. Nani yuko sahihi? Na hiyo tofauti ni kubwa kweli au tunajipa moyo tu? Na mizizi je, nayo ina muda wake au ikishakomaa unachimba ukijisikia?

BiMnanaa

Karibu. Wote waliokujibu wanaweza kuwa sahihi maana kila mmoja anaongelea mmea wake bila kukwambia ni upi. Hapo ndo watu wanapochanganyana.

Kwa hiyo mimea yako ya harufu, kinachotafutwa ni mafuta tete, yale ya harufu yanayoruka hewani kirahisi. Chukua jani la mnanaa ligeuze upande wa chini alafu uliangalie na lenzi ya mkononi, ile ya kukuza mara 10 inatosha kabisa, utaona vidoti vidogo vinang'aa vimetapakaa. Hizo ndo tezi, mafuta yamekaa pale juu juu chini ya kijingozi chembamba sana, ukilisugua jani vinapasuka na harufu inatoka. Ukishaona hivyo utaelewa mambo mengi mwenyewe, kwa nini jua kali linayapunguza, kwa nini kupondaponda majani wakati wa kuvuna ni hasara, kwa nini jani lililopigwa mvua usiku kucha halina maajabu.

Mrehani mimi nakata vile vishada vya maua vinapoanza kuchungulia, havijafunguka. Ukiacha utoe maua mpaka ufunge mbegu, majani yanakuwa madogo, magumu, na nguvu yote imehamia huko juu. Kamomili ni kinyume chake maana pale dawa ni ua lenyewe. Angalia zile petali nyeupe: zikiwa bado zimesimama ua ni changa, zikilala usawa ndo muda wake, zikianza kuning'inia chini na ile nundu ya njano katikati imetuna umechelewa, mafuta yameshaanza kushuka na ukilikausha linasambaratika lote linabaki unga. Na kamomili haifunguki yote siku moja kwahiyo unapita tuta lile lile tena na tena, hakuna njia ya mkato hapo.

Karafuu ndo mfano ninaoupenda zaidi. Inachumwa ikiwa tumba, rangi imetoka kijani imeanza kuwa na wekundu fulani, ua halijafunguka. Tumba kavu zuri linaweza kuwa na mafuta asilimia 15 mpaka 20 ya uzito wake, hayo ni mengi mno kwa mmea. Likifunguka tu thamani imeshuka, na likiachwa mpaka liwe tunda mafuta yanakuwa kidogo sana. Mti ule ule, tawi lile lile.

Saa ya kuvuna: umande ukishakauka, jua halijawa kali. Ukikata na umande unabeba maji bure na majani yanaweza kuwa meusi kwenye kukausha.

Fundi_Tete

BiMnanaa kamaliza sehemu kubwa, mi naongezea upande wa kemia kidogo maana bila hiyo utabaki unakariri tarehe za watu.

Mmea unazitengeneza hizi kemikali kwa shida zake wenyewe, kufukuza wadudu, kuzuia kuvu, kuita nyuki, kujikinga na jua. Kwahiyo unaziweka pale penye hatari au penye thamani kwa wakati ule. Jani changa ni laini, linaliwa kirahisi, mara nyingi limejaa ulinzi. Linavyotanuka linaongeza maji na nyuzinyuzi, kwahiyo hata kama kiasi cha dawa ndani ya jani hakijapungua, ukipima kwa gramu kimeshuka. Ukifika muda wa maua mmea unahamisha bajeti kwenda juu.

Sasa cha kuongezea ni kwamba wakati mwingine kinachobadilika na muda ni AINA ya kemikali, kiasi kinaweza kubaki pale pale. Mnanaa ule wa pipaminti majani yakiwa machanga yana mentoni nyingi, yakikomaa mentoni inageuzwa kuwa mentoli, ile inayoleta ubaridi mdomoni. Alafu maua yakija inaongezeka mentofurani, ambayo ikizidi inaharibu ladha na harufu ya mafuta. Kwahiyo mtu akikuuliza mnanaa una nguvu lini muulize kwanza nguvu ya nini? Mwenye kutaka mentoli hawahi sana wala hachelewi sana.

Mfano mkubwa zaidi ni Artemisia annua, mmea uliotupa artemisinini ya kutibu malaria. Dawa iko kwenye vitezi vya juu ya majani, na kiasi chake huwa kinapanda mpaka karibu na maua, kwenye aina zingine kilele ni kabla tu ya kutoa maua na zingine maua yakianza, baada ya hapo kinashuka. Tu Youyou na timu yake kule China mwanzoni mwa miaka ya 1970 walikuwa wanapata matokeo yanayoyumba, mara yanafanya kazi mara hayafanyi, na baadae ikaonekana aina ya mmea, sehemu inayotumika, ulikotoka na msimu wa kuvuna vyote vinachangia. Alafu kulikuwa na suala la joto, ukichemsha unaua dawa, ndo akahamia kutumia etha, kimiminika kinachochemka kwa joto dogo, kutoa dawa bila kuichemsha. Tuzo ya Nobel akapewa 2015. Watu wanasimulia hiyo ya etha tu, ile ya msimu na majani wanairuka na mimi naona nusu ya kazi ilikuwa hapo.

Kuna hesabu moja ya kuweka kichwani. Tuseme tuta lako ukikata mapema unapata kilo 100 za majani makavu zenye asilimia 0.8 ya dawa, hiyo ni gramu 800. Ukisubiri unapata kilo 140 lakini zina asilimia 0.6, gramu 840. Anayekamua mafuta kiwandani atasubiri maana jumla imeongezeka. Wewe unayekausha majani ya kutumia kijiko kwa kijiko ni bora ukate mapema. Mwongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) wa 2003 kuhusu kulima na kukusanya mimea dawa unasema wazi kwamba muda wa kuvuna upangwe kwa ubora na kiasi cha viambato, usipangwe kwa wingi wa majani. Wakulima wengi tunafanya kinyume maana majani ndo yanayoonekana kwa macho.

Mkaushaji

Mi ntakuwa mkorofi kidogo. Naona mnaubebesha muda wa kuvuna lawama za stoo. Jani_Bichi umesema hujabadilisha kitu kingine zaidi ya siku ya kukata, je hali ya hewa siku hizo ilikuwa moja? Uliyatandaza unene ule ule? Yalikauka kwa muda ule ule? Maana unaweza ukavuna saa sahihi, hatua sahihi, alafu ukayajaza kwenye gunia ukaenda kula, ukirudi ukitia mkono katikati unakuta joto. Hapo yameshaanza kuvundika, yanapumua yenyewe na yanajila. Hata uyakaushe vipi baada ya hapo umekausha mabaki.

Ninachofanya: yanaenda kwenye chekeche muda huo huo, tabaka jembamba mkono unaona chekeche chini yake, kivulini, hewa inapita. Majani ya harufu sivuki nyuzi 40, ikiwezekana chini ya hapo, mafuta tete yanaruka na joto. Yamekauka pale jani linapovunjika kwa mlio na kijiti chake kinakatika badala ya kupinda, unyevu uko asilimia 10 mpaka 12 hivi. Alafu siyasagi! Yanakaa mazima kwenye chombo kilichofungwa gizani, nasaga siku ya kutumia. Watu wanasaga siku ya kwanza wanapasua zile tezi za BiMnanaa zote alafu wanashangaa baada ya miezi mtungi hauna kitu.

Fundi_Tete

@Mkaushaji nakubaliana na wewe karibu kwenye yote, ila unaongea kama kukausha ni kupoteza tu. Kuna mimea dawa yake inatengenezeka au inabadilika kwenye kukausha. Tangawizi mbichi ina jinjeroli nyingi, ukiikausha au kuipasha sehemu yake inageuka kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi ulimini, ndo maana kavu inawasha kivyake. Sanamaki hivyo hivyo, zile senosidi zinazofanya kazi ya kuendesha tumbo nyingi zinaundwa jani linapokauka taratibu. Na mzizi wa valeriani mbichi hauna ile harufu yake ya soksi, inakuja ukikauka.

Mkaushaji

Sawa hilo nimelikubali, ila halifuti nililosema. Na ukiangalia vizuri muda wa kuvuna na kukausha ni kitu kimoja tu, ukivuna baada ya mvua unaingiza chekecheni maji ambayo yatachelewesha kukauka, yakichelewa kuvu linaingia, kwahiyo kosa la saa mbili shambani linageuka kosa la siku tatu ndani.

Mpita_Njia77

Mbona mwezi mnaukwepa? Wazee wa mitishamba duniani kote wanavuna kwa mwezi, mizizi mwezi ukiwa unapungua, majani ukiwa unakua. Na kuna dawa hazichimbwi mchana kabisa. Watu hawawezi kukosea miaka yote hiyo.

BiMnanaa

Hatuukwepi ndugu yangu, ila sijaona kipimo kinachoonyesha mwezi wenyewe unabadilisha kiasi cha dawa kwenye jani kwa namna ya kutegemewa. Na hayo mambo ya usiku ni ya zamani mno. Theophrastus wa Ugiriki, zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, aliandika kwamba wachimba mizizi wa wakati wake walikuwa wanasema mmea wa peoni uchimbwe usiku, maana mchana ndege gogota akikuona unachuma matunda yake utapata madhara ya macho. Mwenyewe alikuwa na mashaka nayo, aliona mengine ni chumvi tu imeongezwa. Sasa huwezi kujua kama ni imani au ni ujanja wa kuwatisha wengine wasije kuchimba 😂

Ila usiku kwa maana ya giza na ubaridi, hapo una hoja na sikupingi. Asumini inafunguka jioni na harufu yake inapanda usiku, wanaoivuna kwa ajili ya manukato wanaingia shambani kabla ya jua. Waridi linachumwa alfajiri, kila jua linavyopanda mafuta yanapungua. Na mshubiri ndo wa ajabu zaidi, wenyewe unafungua vitundu vya kupumulia usiku ili usipoteze maji mchana, unahifadhi hewa ya ukaa inayoingia kama asidi ya maliki, alafu mchana unaitumia. Kwahiyo ute wa jani lililokatwa alfajiri una asidi zaidi ya lililokatwa jioni, jani lile lile. Sasa mzee aliyeambiwa "huu usikatwe mchana" anaweza kuwa alirithi kitu cha kweli, sababu tu ndo imepotea njiani ikawekwa mwezi.

Mpita_Njia77

Sawa, hapo kwenye kurithi kitu cha kweli umenibeba.

DawaKipimo

Nimesoma uzi wote, mzuri, lakini kuna kitu kinanitia wasiwasi. Wote mnatafuta kilele, lini dawa iko kali zaidi. Mimi nimefanya kazi na dawa kwa muda mrefu na nawaambia ukali wa juu kabisa sio lengo kila mara. Lengo ni leo iwe sawa na jana.

William Withering, daktari Mwingereza, mwaka 1785 alieleza jinsi alivyotumia mmea wa Digitalis kwa wagonjwa waliovimba miili kwa maji. Ule mmea unagusa moyo moja kwa moja, na umbali kati ya kipimo kinachotibu na kinachoua ni mdogo. Shida yake kubwa ilikuwa hii hii ya Jani_Bichi, aliona majani yanatofautiana nguvu kulingana na msimu, kiasi ambacho mwezi huu ni sawa mwezi mwingine kimezidi. Akaamua yakusanywe hatua moja tu, shina la maua likishapanda na maua yakiwa ndo yanaanza kutoka, yakaushwe kwa uangalifu, ndipo akaweza kupanga kipimo. Hakuchagua hatua hiyo kwa kutafuta sifa ya ukali, alitaka kitu ambacho mtu mwingine anaweza kukirudia. Siku hizi tunatumia digoksini iliyopimwa kwa sehemu ndogo za miligramu na bado mgonjwa anafuatiliwa. Kwahiyo naomba mtu yeyote asisome hapa akaenda kujaribu mmea huo, nautaja kama mfano tu.

Na "changa ndo kali" ina upande wake mbaya. Ule mmea wa Symphytum ambao watu wanaupaka kwenye viungo vilivyoteguka, majani yake machanga yana alkaloidi zinazoharibu ini kwa wingi kuliko yaliyokomaa. Mshubiri nao una vitu viwili ndani ya jani moja, ute mwangavu wa katikati na utomvu wa njano chini ya ganda. Utomvu una aloini, unaendesha tumbo vibaya, Marekani waliutoa kwenye dawa zinazouzwa bila cheti mwaka 2002. Ukikata jani lisimamishe kwanza mkato ukiangalia chini mpaka huo wa njano uchuruzike, huko kuna maana zaidi kuliko kubishana ni asubuhi au jioni.

Artemisia pia. Kwa sababu hizo hizo za Fundi_Tete, chai ya majani huwezi kujua ina artemisinini kiasi gani, mkebe huu na mkebe ule ni tofauti, na kipimo pungufu kinaacha vimelea hai. WHO haishauri majani yake kwa kutibu wala kuzuia malaria. Ukiwa na homa nenda ukapimwe.

Jani_Bichi

Asanteni sana wakuu, nimejifunza vingi mno. @Mkaushaji umenikamata, ni kweli mzigo mmoja niliuanika kipindi cha mawingu na ukachukua muda kukauka, sikuwa nimeunganisha. @DawaKipimo nimekuelewa, mi vyangu ni vya chai tu, ila nimekuelewa.

Bado mizizi jamani. Na magome kama kuna anayejua, sio yangu ila nataka kuelewa.

Shina_na_Mzizi

Mizizi ni stoo ya mmea, ukishikilia hilo basi. Mmea unaokufa juu na kuchipua tena, kipindi majani yanakauka unakuwa umeshusha kila kitu chini, mzizi umejaa. Ukianza kuchipua unachota kule kule. Kwahiyo unachimba juu kukishakauka na kabla ya chipukizi jipya. Dandelioni ndo inaonyesha vizuri, mzizi wake wa mwisho wa msimu umejaa inulini (akiba ya chakula kama wanga) na ni mchungu, ukisubiri ichipue inulini inavunjwavunjwa kuwa sukari na mzizi ule ule unakuwa na utamu fulani. Hakuna mbaya hapo, inategemea unataka nini.

Manjano yako: miezi 7 mpaka 9 tangu kupanda kutegemea aina, majani yanageuka njano yanakauka yanalala chini. Usiwahi kwa sababu umeona kipande kimetokeza juu ya udongo. Tangawizi ya kukausha iache miezi 8 mpaka 10, nayo majani yatakwambia. Ya miezi 5 au 6 ni laini haina nyuzi, nzuri kwa kula mbichi, ila ukiikausha inasinyaa inabaki kidogo sana maana ilikuwa maji matupu. Na ukiiacha ardhini kupita kiasi nyuzi zinakuwa ngumu, alafu inaanza kuchipua na umeshajua kuchipua maana yake nini.

Kuna mizizi ya kuhesabu miaka. Jinsengi inachimbwa ikiwa na miaka 4 mpaka 6, zile jinsenosidi, kemikali zake za dawa, zinaongezeka na umri, anayechimba mapema ana njaa ya hela tu. Hapo msimu ni wa pili, umri ndo wa kwanza.

Magome yanafuata utomvu. Mdalasini unabanduliwa kipindi cha mvua, gome linaachia mti vizuri, kiangazi linang'ang'ania na linapasuka. Ila kwenye magome suala kubwa kuliko nguvu ya dawa ni mti kubaki hai. Ukizungusha panga ukabandua gome duara zima la shina umeua ule mti, chakula cha kwenda mizizini kinapita humo humo kwenye gome. Prunus africana, ule unaotumika kwa tezi dume, umebanduliwa hivyo mpaka ukaingizwa kwenye orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini) mwaka 1995 biashara yake isimamiwe. Unabandua upande, unaacha upande, unaondoka.

Mbegu na matunda kwa kifupi: mwarobaini, kile kiua wadudu cha azadiraktini kiko kwa wingi kwenye kiini cha mbegu, chuma matunda yakiwa yanaingia njano, ukiokota yaliyooza chini unaokota na kuvu. Papai kinyume, papaini inatoka kwenye utomvu wa tunda BICHI la kijani, linavyoiva utomvu unakauka.

Jani_Bichi

Hii nimeihifadhi. Swali la mwisho nisiwachoshe, bila maabara nitajuaje kama muda niliochagua ndo wenyewe?

Fundi_Tete

Gawa tuta moja vipande vitatu. Cha kwanza kata kabla vitumba havijaonekana, cha pili vikianza kuchungulia, cha tatu maua yakiwa yamefunguka nusu. Vyote saa ile ile ya siku, siku isiyo na mvua, kausha chekeche moja kwa staili ya Mkaushaji, andika tarehe na hatua kwenye lebo. Alafu pima uzito ule ule wa kila kimoja, maji kiasi kile kile, dakika zile zile umefunika kikombe (usipofunika unanusisha dari), na mwambie mtu mwingine akupangie vikombe bila wewe kujua kipi ni kipi. Ukijua unachokunywa pua inakudanganya, inasikia inachotaka.

Lakini pua inafaa kwa mafuta tete tu, mnanaa, mrehani, mchaichai, karafuu. Manjano hapo utaangalia rangi na hata rangi haikwambii kila kitu. Vitu kama artemisinini pua haisemi chochote, pale bila kromatografia, kipimo cha maabara cha kutenganisha kemikali, unabahatisha.

Jani_Bichi

Nitafanya kwa mrehani kwanza maana ndo unaotoa maua haraka. Mchaichai je? Huo sijawahi kuuona na maua.

BiMnanaa

Na unaweza usiyaone kabisa, huo hesabu kwa kuchipua. Mkato wa kwanza miezi 4 mpaka 6 baada ya kupanda, baada ya hapo kila miezi 2 au 3, ukiacha zaidi majani ya nje yanakuwa makavu kwenye ncha na mafuta yanapungua. Kata juu ya ardhi kidogo, kama sentimita 10 mpaka 15, usiguse kitovu. Alafu kausha mapema, acha yanyauke kidogo tu kivulini ndo uyakatekate, ukikata vipande vidogo yakiwa mabichi kabisa citrali, ile inayoleta harufu ya limau, yote inaishia kwenye panga.